Dhana ya Mertens na Tarakimu Mia Moja

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Mwanahisabati hairidhii methali hii, na kisa cha Franz Mertens chamtetea.

Mnamo mwaka wa 1897, Mertens alichapisha jedwali la nambari kutoka 1 hadi 10,000. Nambari iliyogawika kwa mraba wa nambari tasa ilipewa sifuri. Nyinginezo zilipewa 1 iwapo idadi ya vigawo vyake tasa ilikuwa shufwa, na hasi 1 iwapo ilikuwa witiri. Kila alipojumlisha, jumla, chanya au hasi, haikukiuka kipeuo cha pili cha nambari aliyoifikia. Akahitimisha kuwa yamkini hali ni hiyo daima. Halikuwa jambo dogo: dhana hiyo ingethibitishwa, kitendawili alichokitega Riemann mwaka wa 1859 kingeteguliwa papo hapo.

Mwaka wa 1985, Andrew Odlyzko na Herman te Riele waliibomoa. Hawakuendelea kuhesabu pale alipoachia Mertens, maisha yasingewatosha. Jumla ile huweza kuandikwa kama mawimbi, kila wimbi likitokana na sifuri moja ya fanksheni ya zeta. Mawimbi hayo kwa kawaida hupunguzana nguvu. Je, yaweza kuinuka pamoja, kama jua na mwezi vinavyoshirikiana kuleta bamvua?

Yaweza, lakini mbali mno. Mahali walipopapata, hata kwa kipimo cha logi, ni nambari ya takriban tarakimu 65. Hapa ndipo penye uhondo wa kisa. Sifuri ya kwanza ni 14.134725 na kuendelea. Ukiizidisha kwa nambari kubwa kiasi hicho, tarakimu sitini na kitu za mwanzo hueleza tu wimbi limezunguka mara ngapi, habari isiyomfaa mtu. Kama wimbi liko juu au chini, hilo hukaa katika tarakimu zinazofuata. Ndiyo sababu tarakilishi ilitafutishwa sifuri 2,000, kila moja kwa takriban desimali 100. Anayeziona desimali hizo kuwa mbwembwe za wasomi na azitazame upya. Zingekatwa kwenye ya hamsini, pasingebaki hoja yoyote.

Hata hivyo, nambari yenyewe inayoivunja dhana haijatajwa na yeyote. Hesabu zilizochapishwa mwaka wa 2018 zilifika 1 yenye sifuri 16 mbele yake, na zote hadi hapo zinamtii Mertens.