Povu Lililotutia Hofu

Siku moja huku Kadutu, mwanafunzi wetu wa katekisimu alianguka kwa kifafa. Sisi tuliomfundisha kumpenda jirani tulirudi nyuma kwa kuogopa povu lake. Alipozinduka, alitukuta tumesimama mbali. Jumamosi iliyofuata hakuja. Tulimfuata nyumbani kuomba radhi.

Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala si uchawi. Tuondoe mawe karibu na mgonjwa, tumwekee nguo laini chini ya kichwa. Tusimkandamize, tusimtie kijiko kinywani. Mwili ukitulia, tumlaze ubavu. Mtukutiko ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja.

Msingojee aibu kama yetu. Aangukapo mwenzenu, msimkimbie. Mkaribieni, mkae naye hadi azinduke.