Swahiba wa Ziwani

Kabla ya vita, manahodha wawili wa Ziwa Nyasa, Berndt Mjerumani na Rhoades Mwingereza, walikuwa maswahiba wa kunywa pamoja kila walipokutana bandarini. Meli ya Berndt, Hermann von Wissmann, ndiyo pekee ya kivita waliyokuwa nayo Wajerumani ziwani humo. Agosti 13, 1914, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa huko Sphinxhafen, Liuli ya leo, pwani ya Ruvuma. Rhoades akatokea na Gwendolen, akaipiga mzinga.

Habari ya vita ilikuwa imemfikia yeye, Berndt haijamfika. Mjerumani akarukia kidau, akamwendea swahiba wake kwa ghadhabu, akimwuliza kwa sauti iwapo amelewa. Na nani asingedhani hivyo? Alipopanda melini akaelezwa kwamba mataifa yao yanapigana, na kwamba yeye ni mateka. Unahodha wake ukakomea hapo, mikononi mwa mtu aliyezoea kuketi naye meza moja.

Magazeti ya London yakautangaza kuwa ushindi wa majini. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli kuiharibu Wissmann zaidi. Mwaka 1918 wakaielesha tena, wakaiita King George V.