Je, tunauawa kwa sababu ya mafuta?

Kila tukitangaza habari za mauaji, swali hili linarudi. Wasikilizaji wanalipiga kwa simu, na waliohama kutoka Eringeti na Mbau wananiuliza uso kwa uso: «Bwana mwandishi, tunauawa kwa sababu ya mafuta?» Kwenye redio napata dakika mbili tu za kujibu. Hapa nina nafasi kidogo.

Mafuta yapo, si uvumi. Upande wa Uganda wa Ziwa Albert yalithibitishwa mwaka 2006. Mwaka uliofuata risasi zililia ziwani kati ya askari wa nchi zetu mbili, watu wakafa, na Septemba 2007 Marais Kabila na Museveni wakaenda Ngurdoto, karibu na Arusha, kutia saini mapatano. Kwetu huku, kwenye Ziwa Edward, kampuni ya Kiingereza SOCO ilipima chini ya maji mwaka 2014, ndani ya Hifadhi ya Virunga, kisha ikakubali kuacha baada ya kelele za dunia nzima. Wavuvi wa Kyavinyonge hawajasahau. Julai 2022, wakati vita vya Ukraine vimepandisha bei na kila nchi inatafuta mafuta mapya, Kinshasa ilitoa mnadani vitalu 27, vingine vikigusa Virunga tena. Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa.

Lakini tuangalie kalenda. ADF walishika milima ya Ruwenzori tangu miaka ya 1990, muda mrefu kabla ya kisima cha 2006. Anayesema mafuta ndiyo yaliyowaleta anaruka miaka kumi. Tena, ukiniuliza ni mali gani inayonuka zaidi ndani ya vita vya Beni, nitakujibu kakao na mbao. Kakao ikikomaa, mwenye shamba anakimbia, na mtu mwingine anavuna. Hilo kila mkulima wa Beni analijua.

Mafuta nayaona mahali pengine: katika haraka ya wakubwa. Mauaji makubwa ya Beni yalianza Oktoba 2014. Jeshi la Uganda lilivuka mpaka tarehe 30 Novemba 2021, wiki mbili baada ya mabomu kulipuka Kampala. Tarehe 1 Februari 2022, TotalEnergies na CNOOC walitangaza Kampala kwamba wataweka zaidi ya dola bilioni 10 katika mafuta ya Ziwa Albert, pamoja na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi bandari ya Tanga. Uganda ilisema imekuja kuwapiga ADF, na mabomu ya Kampala yaliua watu kweli. Sawa. Ila mwenye kuweka bilioni 10 kando ya ziwa hapendi kusikia risasi ng'ambo. Sisi tulizika watu wetu miaka saba bila bomba wala bilioni.

Sasa mfuko wetu. Esansi ya Butembo inashuka melini Mombasa, inavuka Kenya na Uganda, inaingia kwa malori Kasindi, inapita Beni ndipo itufikie. Tuko mwisho wa mstari, na kila anayeshika bidoni njiani anaongeza chake. Mwaka 2022 pipa lilipopita dola 100 huko duniani, akina Kadhafi wa barabarani walipandisha chupa, na wenye pikipiki nao wakapandisha safari. Mama mmoja aliyehama kutoka upande wa Mbau aliniambia kwamba alikuwa akipanda pikipiki asubuhi kwenda kuchuma mihogo shambani kwake, na kurudi Beni kabla ya saa tisa. Bei ilipopanda, akaanza kwenda kwa miguu. Kwenye barabara ile, kutembea kwa miguu hadi giza likukute, unajua maana yake.

Mafuta ya Hoima yakianza kutiririka yataenda Tanga, na kutoka Tanga yataenda kwa wanunuzi wa mbali. Uganda ina mpango wa kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta hukohuko Hoima, na wafanyabiashara wa Butembo wanakisubiri. Hadi kijengwe, lori litaendelea kutoka Mombasa, na mama yule ataendelea kuuliza bei ya pikipiki kabla ya kuuliza habari za usalama.