Kabla ya Kupanga Kisiwa, Panga Watu

 

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipanga na wachache wetu huliombea: safari ya mapumziko na marafiki.

Nikueleze ilivyo. Sisi ni marafiki watano. Tulikua pamoja hapa Junju, tukaokoka miaka inayokaribiana, tukaimba kwaya moja ya vijana. Leo mmoja ni mwalimu, mmoja ana kazi ya ofisi Mombasa, mmoja anaendesha tuktuk Mtwapa, mmoja anachonga mawe timboni, na mimi ni mchungaji wenu. Mwezi wa pili mwaka huu mmoja wetu akafungua grupu la WhatsApp akaliita "Lamu Agosti". Shule zitakuwa zimefungwa, mwalimu atakuwa huru, twende kisiwani siku tatu tupumzike.

Nilifurahi. Fikiria, mimi ni mtu wa pwani, nimezaliwa nasikia harufu ya bahari, lakini Lamu naijua kwa picha tu. Mji wake wa kale umewekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Watu wanatoka Ulaya kuja kuuona, na sisi tulio barabara moja nao hatujafika! Nataka kuona vichochoro ambavyo punda ndiye lori. Nataka kwenda Matondoni niwaone mafundi wakiunda jahazi kwa mikono. Nataka kuingia ile ngome ambayo zamani ilikuwa jela mpaka 1984, nisimame humo nimkumbuke Paulo na Sila.

Basi mama mmoja wa kanisa akasikia. Akanijia baada ya ibada, kwa heshima kabisa, akaniambia, "Pasta, uniwie radhi. Paa letu halijaisha, nawe waenda Lamu kupunga upepo?"

Mpendwa, swali hilo si baya. Sikumkasirikia. Nilimjibu hivi: Mama, senti ya kanisa haigusi safari hii. Kila mmoja anatoa jasho lake, na ahadi yangu ya mabati inatangulia nauli yangu. Lakini pia nikamwomba akasome Marko 6:31. Wanafunzi walikuwa wamechoka, watu wanaingia na kutoka, hata kula hawapati nafasi. Yesu hakuwaambia wavumilie tu. Aliwaita waende kando, mahali pa faragha, wapumzike kidogo. Tena waliondoka kwa mashua! Mtumishi asiyepumzika huanza kuwafokea kondoo, na kondoo hudhani Mungu amekasirika. Mama akacheka, akasema, "Basi nenda, urudi na samaki."

Hiyo haikuwa vita yenyewe. Vita ilikuwa ndani ya grupu.

Ndugu yetu wa ofisini aliweka bajeti. Ndege kutoka Malindi hadi Manda, hoteli Shela, na siku moja ya kukodi boti tutoke nje kwenda bahari kuu kuvua samaki wakubwa. Jumla shilingi 28,000 kila mtu. Alikuwa na nia njema, aliona marafiki zake wamechoka akataka wapumzike vizuri. Mwalimu akajibu kwa kidole gumba. Wa tuktuk akasema, "Tutajikaza." Mchonga mawe hakusema kitu. Siku mbili kimya. Siku ya tatu nikaona ule mstari mdogo unaojulisha kwamba fulani ametoka kwenye grupu.

Hebu nikuulize, wewe ukiona mstari huo unafanya nini? Wengi husema, "Labda simu imeharibika," kisha mazungumzo yanaendelea. Ndivyo urafiki wa miaka ishirini unavyokufa. Hakuna ugomvi, hakuna neno baya. Ni mstari mdogo tu, na wengine wanaendelea kupanga.

Nilimfuata timboni jioni. Nilimkuta ameketi juu ya mawe yake, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Akaniambia, "Pasta, sina ubaya na mtu. Ila hesabu hiyo si yangu. Na msiniambie mtanilipia. Sitaki kwenda Lamu nikiwa mzigo."

Nikanyamaza. Kisha akaongeza neno ambalo sikulitarajia: "Tena hiyo boti ya kwenda nje, msiende. Agosti ni kusi. Babu yangu alikuwa mvuvi. Wakati wa kusi tulikuwa tukimwona anaketi anashona nyavu, haendi nje ya mwamba."

Mpendwa, hapo Roho Mtakatifu akanikumbusha Matendo ya Mitume 27. Fungua Biblia yako usome sura yote leo. Ni sura ya safari ya visiwani, katika bahari ile ya Mediterania ambayo siku hizi watu huilipia fedha nyingi waende kustarehe. Krete imo. Kipro imo. Melita imo, ndiyo Malta ya leo. Lakini Paulo hakwenda kama mtalii. Alikwenda kama mfungwa.

Angalia mambo matatu ninayoyaona humo.

La kwanza: Paulo hakusafiri peke yake. Mstari wa 2 unamtaja Aristarko, mtu wa Makedonia. Na Luka anayeandika anasema "sisi", maana yake naye yumo chomboni. Hawa walipanda merikebu ya wafungwa kwa sababu rafiki yao yumo. Hakuna aliyewaambia mandhari ni nzuri. Kisha mstari wa 3, walipofika Sidoni, akida Yulio akamruhusu Paulo ashuke awaone rafiki zake wamtunze. Mtume mkubwa, mwenye karama zote, alihitaji kutunzwa na marafiki! Basi wewe ni nani useme humhitaji mtu?

La pili: aliyekuwa na neno la kweli alikuwa mtu wa chini kabisa chomboni. Walifika mahali paitwapo Bandari Nzuri, kusini mwa Krete. Siku ya mfungo ilikuwa imepita, maana yake msimu wa bahari tulivu umekwisha. Watu wa bahari ile walijua: baridi ikikaribia, vyombo hukaa bandarini mpaka msimu mwingine, kama sisi tunavyojua kusi na kaskazi. Paulo akawaonya kwamba safari hii italeta hasara. Lakini mstari wa 11 unasema akida aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Na mstari wa 12, wengi wakakubaliana waondoke, kwa sababu Bandari Nzuri haikuwa mahali pazuri pa kukaa wakati wa baridi. Walitaka Foinike, palipo pazuri zaidi.

Je, umeona? Mwenye chombo alikuwa na sauti. Mtaalamu alikuwa na sauti. Wingi wa kura ulikuwa na sauti. Mfungwa alikuwa na ukweli. Upepo mwanana wa kusini ukavuma kidogo, wakadhani wamepata walichotaka. Muda si muda Eurakilo akawashukia. Siku kumi na nne wakapeperushwa, watu 276, shehena ikatupwa, vyombo vya merikebu vikatupwa.

Sasa rudi kwenye grupu letu. Mwenye fedha alikuwa ameshapanga boti. Wengine tulikuwa tumekubali. Na yule mmoja aliyejua habari za kusi alikuwa ameshatoka kwenye grupu, kwa sababu ya shilingi 28,000. Tungempoteza ndugu na shauri lake pamoja. Mpendwa, mara nyingi Mungu huweka onyo lako katika kinywa cha mtu ambaye bajeti yako imemfukuza.

La tatu: kisiwani waliokolewa na wema wa watu wasiowajua. Merikebu ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika pwani salama. Matendo 28:2 inaeleza kwamba wenyeji wa Melita waliwafanyia wema usio wa kawaida, wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Hawakuuliza kwanza hawa ni dini gani. Nalisema hili kwa sababu mwingine ameniuliza, "Pasta, Lamu ni mji wa Waislamu, utakwenda kufanya nini?" Nitakwenda kuwa mgeni mwenye adabu. Nitavaa kwa heshima, nitasalimu wazee, Ijumaa nitaheshimu saa ya sala ya wenyeji wangu. Hapa Junju tunazikana na tunasaidiana na majirani zetu Waislamu. Kuvuka maji hakuondoi ujirani. Paulo aliota moto wa watu wa Melita, akaombea wagonjwa wao, na akaondoka wakimpa mahitaji ya safari. Hayo ndiyo matunda.

Sasa nikwambie tulivyopanga, labda itakusaidia wewe na chama chako.

Niliomba tukutane uso kwa uso, si kwenye simu, wote watano. Mchonga mawe akaja. Ndugu wa ofisini alipoelewa, akafuta bajeti yake mwenyewe bila kuambiwa mara mbili. Mungu ambariki. Tukaanza upya kwa swali moja: ni safari gani ambayo sisi watano tunaweza? Si watatu. Watano.

Ndege ikatoka. Tutapanda basi, mchana, kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe. Siku hizi barabara hiyo ina lami. Kila mtu na kitambulisho chake, kwa maana njiani polisi hukagua. Mokowe tutavuka kwa mashua pamoja na abiria wengine. Hoteli ikatoka, tutakodi nyumba moja tulale wote, tupike wenyewe. Boti ya bahari kuu ikatoka kabisa. Tutatembea ufukwe wa Shela kwa miguu, na bure. Jumla ikawa shilingi 9,600. Tukaigawanya kwa wiki 24, ni shilingi 400 kwa wiki.

Mchonga mawe akasema ukweli tena: "Mia nne naweza Februari na Machi. Lakini masika ikija timbo linajaa maji. Mwezi wa tano sina kitu." Tungeweza kusema basi tutakufidia. Lakini alishatuambia hataki kubebwa. Basi tukapanga kwa misimu yake. Kiangazi yeye atoe mia nane kwa wiki wakati mawe yanauzwa, na ndugu wa ofisini atoe kidogo. Mvua zikija, yeye apumzike na wenye mshahara watoe zaidi. Mwisho wa wiki 24 kila mtu atakuwa ametoa 9,600 zilezile. Hakuna aliyebebwa, hakuna aliyeachwa. Wagalatia 6 inaagiza tuchukuliane mizigo, na sura hiyohiyo inasema kila mtu atauchukua wake mwenyewe. Nilikuwa nikijiuliza yote mawili yanakaaje pamoja. Nimeyaona kwenye daftari la mchango, kwa hesabu ya mchonga mawe.

Ninapoandika haya tuko wiki ya kumi na mbili. Mvua imenyesha siku nne mfululizo na timbo limekuwa bwawa. Ndugu yetu hajatoa kitu wiki hii, na daftari liko sawasawa, kwa sababu alitangulia. Tena yeye ndiye tuliyemchagua kuwa mweka hazina.

Sijui kama Agosti itatufikisha. Yakobo 4 inatufundisha tuseme, Bwana akipenda. Anaweza kuugua mtoto, unaweza kutokea msiba, tukazielekeza fedha hizo huko. Ikiwa hivyo, sitalia. Nilichokuwa nakitafuta kule kisiwani, mpendwa, nimeanza kukipata hapa hapa Junju.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari, harusi, chama, hata mradi wa kanisa, fanya jambo moja leo. Pitia majina. Ni nani amenyamaza? Ni nani ametoka bila kusema? Usimtumie ujumbe. Mfuate alipo, kaa naye juu ya mawe, umsikilize. Huenda ndiye aliyeshika neno litakalookoa chombo chenu.

TUOMBE: Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa marafiki uliotupa. Utusamehe pale mipango yetu ilipomfungia mtu mlango. Utupe masikio ya kumsikia aliye wa mwisho. Uwalinde wote walio barabarani na baharini, wavuvi wetu na wasafiri wetu. Na yule aliyebaki nje kwa sababu ya fedha, umtumie ndugu leo. Amina.

Kama kuna mtu jina lake limekujia moyoni ukisoma, usiandike hapa chini. Mpigie sasa hivi. Kisha urudi uandike AMINA.

Mbarikiwe. Jumapili tukutane mapema, tuna mabati ya kupandisha.