Taa ya Pikipiki na Kanuni ya Yakini

Hapa kwetu pwani jua halina subira. Mwaka mzima huzama baina ya saa 12 na saa 1 kasorobo ya jioni, na kwa kuwa tu karibu na Ikweta, kiza hushuka upesi. Wakati huo ndio watu hutoka misikitini, na mama zetu hurejea kutoka darsani na sokoni. Aghalabu chombo kinachowabeba ni pikipiki. Taa yake ya mbele basi si pambo. Humwonyesha dereva shimo lililo mbele yake, na humjulisha mwenye lori kwamba hapa pana roho ya mtu, au roho mbili. Hili la pili ndilo husahauliwa.

Tumeona tuliandike jambo hili kwa sababu limetufika nyumbani. Dada yetu, ambaye ni mjane, ana pikipiki aliyoinunua kwa fedha za chama cha akina mama, na mwanawe, mpwa wetu, ndiye huiendesha kwa kubeba abiria. Majuzi taa ya mbele ilififia ikawa kama kaa linalokaribia kuzimika. Fundi mmoja aliitazama akiwa amesimama, akasema waya zote zibadilishwe kwa shilingi 4,500. Kijana hakuwa nazo. Akakusudia kufunga simu yenye tochi kwenye usukani aendelee na kazi, kwani safari za usiku ndizo zenye faida. Mamake akauchukua ufunguo, akaufunga pindoni mwa leso.

"Riziki yataka roho ya kuila," akamwambia. "Na hao unaowabeba nao wana mama zao."

Kwa siku mbili pikipiki haikutoka baada ya Magharibi, na pengo hilo lilionekana jikoni.

Mwanafunzi wa fiqhi hufundishwa mapema kwamba yakini haiondolewi kwa shaka. Mwenye udhu hubaki na udhu wake mpaka awe na hakika kwamba umetenguka. Tuliketi uani baada ya Alasiri tukiwa na kanuni hiyo, bisibisi, kitambaa safi na kipande cha waya. Tukakubaliana kwamba hakuna kitakachohukumiwa kabla ya kujaribiwa.

Tulianza na betri. Honi ililia na taa za kuashiria zikawaka, basi betri ikaachiwa huru. Tena yafaa ijulikane kwamba katika pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele haitegemei betri, bali hupata umeme wake moja kwa moja kutoka kwa injini. Ndiyo maana haiwaki mpaka injini iungurume, na mwanga huzidi ukivuta mafuta. Asiyelijua hilo hununua betri mpya bure. Kwa sababu hiyo tuliiwasha pikipiki pale pale uani palipo wazi, kwani moshi wa injini ndani ya nyumba huua.

Kisha tukaiendea glopu. Ndani yake mna nyuzi mbili, mmoja wa mwanga wa mbali na mmoja wa mwanga wa karibu. Ukipotea mwanga mmoja tu, uzi wake huenda umekatika, au swichi ina kasoro. Yetu ilififia kote kuwili. Tuliazima glopu nzima ya jirani, tukaitia, na mwanga ukawa ule ule. Kioo cha glopu za halojeni tulikishika kwa kitambaa, maana mafuta ya vidole hukifanya kipate joto kupita kiasi mahali pamoja, na glopu ikafa mapema.

Tatu, waya za shingoni, ambazo hupindwa kila usukani unapogeuzwa na hatimaye hukatika ndani kwa ndani. Mpwa wetu aligeuza usukani kushoto na kulia injini ikiwa yanguruma. Mwanga haukucheza.

Ikabaki njia ya kurudi. Umeme uliokwenda kwenye taa sharti urudi ulikotoka, nao hurudi kwa waya uliofungwa kwenye chuma cha pikipiki. Njia hiyo ikiziba, taa hufifia ijapokuwa kila kitu ni kizima. Dada yetu, aliyekuwa kando akichambua mchicha, akainua kichwa.

"Kaka, hiyo bolti iliyo nyuma ya taa, mbona ina ukijani kama sufuria ya shaba iliyoachwa?"

Ulikuwa ukijani wa kutu, kazi ya hewa ya chumvi tunayoishi nayo. Hata hivyo jicho pekee halikututosha. Tulichukua kile kipande cha waya, ncha moja tukaigusisha kwenye njia ya kurudi ya soketi ya taa, na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Ukuta mzima wa ua ukajaa mwanga. Hapo shaka ikawa yakini.

Tulizima injini, tukafungua ncha hasi ya betri kwanza, tukaisugua bolti na kichwa cha waya kwa msasa, tukakaza na kupaka grisi kidogo. Gharama yote haikuzidi shilingi 100. Kisha dada yetu akapanda nyuma ya mwanawe ili tuipime taa ukutani, kwa sababu uzito wa abiria hushusha nyuma ya pikipiki na kuinua mwanga ukamtia upofu ajaye. Tukaiinamisha kidogo. Ndipo pindo la leso likafunguliwa.

Si kila kasoro ni ya uani. Glopu zikiungua moja baada ya nyingine, kidhibiti cha umeme huenda kimeharibika, nacho chahitaji fundi mwenye mita. Katika pikipiki ya volti 12, kipimo kikipita volti 15 injini ikinguruma, mashaka hayo yana msingi. Waya zikinuka kuungua, zima, ukamwite fundi. Na fyuzi iliyokatika usiizibe kwa karatasi ya sigara wala uzi wa waya, kwani kazi yake ni kukatika ili pikipiki isiwake moto.

Tumelizingatia jambo hili zaidi ya pikipiki. Waya zote zilikwisha kuhukumiwa kwa dhambi ya bolti moja. Ni mara ngapi majumbani mwetu twasema mtoto huyu ameharibika mzima, au ndoa hii imekwisha, ilhali hatujakaa uani tukajaribu kitu kimoja kimoja?

Mwenye pikipiki nyumbani, awe mume, mwana au ndugu, na aulizwe kila Alhamisi kabla ya Magharibi: taa yawaka? Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na pikipiki isiyo na taa usiku ni udhia unaokwenda mbio. Allah awarejeshe salama wasafiri wetu wote. Amin.