Kimya cha Ujiji

Mita ya sauti kwenye kompyuta ni kitu kidogo: mstari uliolala, wa kijani, ukipanda unakuwa wa njano, ukifika mwisho unakuwa mwekundu. Mwisho huo umeandikwa 0, na namba nyingine zote ni hasi. Wengi hapo huchanganyikiwa, kwa sababu mtu hutegemea sifuri iwe kimya. Kwenye sauti ya kidijitali sifuri ni dari. Sauti ikiigonga, vilele vya mawimbi yake vinakatwa, na kilichokatwa hakirudi.

Nilikuwa Ujiji, nyumbani kwa Bibi mzaa mama, nikikusanya masimulizi ya Kiha kwa ajili ya tasnifu yangu ya umahiri. Kiha ni lugha ya toni. Silabi ikipanda au ikishuka, neno linaweza kubadilika maana, jambo ambalo Kiswahili sanifu hakina. Kwa hiyo rekodi mbovu kwangu ni data iliyokufa. Programu zangu zilikuwa za bure: Audacity ya kurekodia, na Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ya kuchora mkondo wa toni. Maikrofoni ilikuwa ile ndogo ya kubana kwenye nguo. Nikaibana kwenye kanga ya Bibi, chini kidogo ya shingo.

“Mume wangu,” akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, “leo unanifunga kengele kama mbuzi?”

Mita ikasogea, lakini kivivu. Kuna jaribio moja la haraka ambalo ningempa yeyote anayeanza kazi hii: gonga maikrofoni kwa ukucha, kisha gonga mwili wa kompyuta. Mstari ukiruka pale tu unapogonga kompyuta, basi kompyuta inasikiliza kwa sikio lake yenyewe na waya wako ni pambo. Ndivyo ilivyokuwa. Nikafungua orodha ya vifaa vya kuingizia sauti, nikachagua ya nje, na mstari ukaanza kumfuata Bibi.

Halafu ukaja mngurumo. Bibi amenyamaza, lakini mita haishuki chini ya -40, na ndani ya spika za masikioni kuna sauti ya nyuki mzito asiyechoka. Huo ni umeme. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, na katika nyumba ambayo waya wa ardhini haufanyi kazi, mzunguko huo hupata njia ya kupita kwenye chaja hadi kwenye maikrofoni. Nikachomoa chaja. Nyuki akafa. Tangu hapo tulifanya kazi kwa betri, yaani saa mbili kasoro, na Bibi akawa anauliza kila mara, “Bado ina chakula?”

Nilichagua wiki ya mbalamwezi kwa makusudi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, hivyo mitumbwi mingi hupumzika. Mafundi wa mitumbwi hawapumziki, nyundo zao husikika mchana kutwa ufukweni. Lakini injini zinapungua, na jioni, baada ya swala, unapata kama saa moja ambayo unaweza kuiita kimya.

Jioni hiyo Bibi alisimulia habari za kaka yake. Mimi ningemwita babu. Alivuka ziwa kwenda upande wa Kongo na magunia ya chumvi ya Uvinza, Bibi akiwa bado msichana, na hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, wala mtumbwi haukuonekana. Bibi anasimulia kwa nguvu, anacheka, anaiga sauti za wapiga kasia. Akifika kwenye jina la kaka yake, sauti inashuka hadi ikawa pumzi. Kifua chake si kizima, amevuta moshi wa kukaushia samaki miaka mingi, lakini hapo si kifua. Nimemsikia akilitaja jina hilo tangu utotoni, na siku zote analitaja hivyo.

Usiku nikasikiliza. Kicheko kipo, kasia zipo. Kwenye jina, hakuna kitu. Nikarudia nikiitazama mita: mstari ulianguka hadi chini kabisa, ukalala. Hapo ndipo nilipojua kwamba tatizo halikuwa Bibi kusema kwa chini mno. Nyumba iliyo karibu na ziwa haina kimya cha namna hiyo. Nilipopima chumba kitupu, mita ilicheza kwenye -55: mawimbi, kuku, redio ya jirani. Kimya kikiwa safi hivyo, kuna mtu amekifagia.

Aliyefagia ni kompyuta yenyewe. Nyingi huja zikiwa zimewashiwa kazi ya kupunguza kelele, iliyokusudiwa mikutano ya mtandaoni. Programu hukisia kipi ni maneno na kipi ni kelele, kisha hufuta kelele. Pumzi ya bibi kizee anayetaja jina la marehemu kwa Kiha, nadhani hata mtu mgeni angeikisia kuwa upepo. Nikazima swichi kwenye mipangilio ya sauti. Mita ikaendelea kulala. Ilinichukua hadi saa saba usiku kugundua swichi ya pili, ndani ya programu ndogo iliyokuja na kifaa cha sauti. Nikaizima nayo, na mstari ukaanza kutetemeka kwenye -55. Sijawahi kufurahia kelele za kuku kiasi kile.

Asubuhi nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Imechukua jina lake tu?”

“Jina tu, Bibi.”

Akanyamaza. Sikumwomba arudie. Kuna maswali ambayo mjukuu hamuulizi bibi yake mara mbili, hata kama tasnifu inayataka. Kesho yake jioni aliniita mwenyewe, akajibania maikrofoni kwenye kanga, akaanza kutoka mwanzo. Nilikuwa nimepanga kiwango ili kicheko chake kifike -6, mbali kidogo na dari. Jina lilifika -41. Sikugusa kitu.

Chuoni walitaka wastani wa sauti wa kila rekodi, kwa kipimo cha LUFS. Ndicho ambacho Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, ulikitumia mwaka 2010 kupendekeza -23 kwa matangazo. Rekodi ya Bibi ilitoka -27. Kipimo hicho kina lango: sehemu iliyo chini ya wastani kwa zaidi ya 10 haihesabiwi, ili mapumziko ya msemaji yasishushe namba. Kwa hiyo katika -27 hiyo jina halimo.

Bibi ameniambia nisiliandike. Kwenye jedwali langu, pembeni ya -27, nimeongeza safu moja ya dakika. Hapo pameandikwa 14:06.