Ndoo Kichwani Sawa, Chuma Mkononi Nongwa!

Wiki hii sina stori za mapenzi wala za nani kavaa nini. Nataka tuongee vyuma. Ndiyo, vyuma vya mazoezi, na anayewaambia ni mtoto wa kike, kidato cha nne, mshona nguo wa Malinyi, huku bonde la Kilombero.

Najua wengine mmeshacheka. Malinyi kuna jimu? Jamani, kutoka Ifakara unavuka Daraja la Magufuli lililofunguliwa mwaka 2018, unapita Lupiro, halafu bado unakula vumbi, na masika ni tope. Ukinunua seti ya vyuma Dar na kuipakia kwenye basi mpaka huku, utalia. Nikaamua kutengeneza vyangu mwenyewe uani.

Kilichonisukuma ni mgongo. Kazi ya cherehani ni kukaa umeinama kutwa nzima. Una miaka 24, ukiinuka unashika kiuno kama bibi kizee! Na si mimi peke yangu, hata wewe wa ofisini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Hayo ya misuli ndiyo wengi tunayaruka.

Basi chukua kalamu. Tafuta makopo 2 ya rangi ya lita 4, yanayolingana. Kwa muuza vyuma chakavu nunua bomba la inchi moja, urefu wa mita moja na nusu hivi. Toboa ncha zake upitishe misumari mirefu ili zege ling'ang'anie. Changanya saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto 3. Mimi saruji nilipewa na fundi aliyebakiza kwenye nyumba ya jirani, mchanga na kokoto nikaokoteza. Jaza kopo la kwanza, simamisha bomba katikati, lifunge kwenye nguzo lisiyumbe. Baada ya siku 2 geuza, jaza la pili. Mwagilia maji kwa siku 7, na usiwe na haraka, maana zege huendelea kukomaa mpaka kama siku 28.

Gharama yangu yote ilikuwa Sh 12,000. Nikalipeleka kwenye mizani ya mashine ya mpunga: kilo 22!

Vya mkononi ni vidumu vya lita 5. Ukijaza maji ni kilo 5, ukijaza mchanga mkavu ni kama kilo 8. Tyubu kuukuu ya baiskeli unaivuta kwa ajili ya mabega. Kamba ya kuruka haina maelezo. Benchi usihangaike nalo, lala kwenye mkeka usukume chuma ukiwa chini, viwiko vitagota sakafuni kabla chuma hakijakufikia kifuani. Kabla ya kunyanyua, mgongo unyooke, magoti ndiyo yakunjwe.

Nafanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 40 tu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma, kuvuta, pushapu. Kila zoezi raundi 3, mara 8 hadi 12. Siku za katikati napumzika, kwani misuli hujengeka ukiwa umepumzika na kula vizuri. Maharage na kambale wetu wanatosha kabisa. Uzito ongeza kidogo kidogo. Wagiriki wa kale wana hadithi ya mpiga mieleka Milo, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali, na bado akambeba. Ng'ombe huku hawakosekani, lakini mie naongeza mchanga kwenye kidumu.

Chuma kilipokomaa, na maneno nayo yakakomaa. Shangazi akanifuata: "Mwanangu, utaota ndevu." Nikamweleza kwa heshima kwamba homoni inayojaza misuli ya wanaume, testosteroni, sisi tunayo kidogo sana. Nitapata nguvu, sitageuka baunsa.

Shangazi alinielewa. Tatizo lilikuwa kwa kijana tuliyeahidiana, ambaye wazee wake walishaanza kuulizia mahari. Akasema washikaji kijiweni wanamcheka, eti anaoa dume mwenzie. Nichague, vyuma au yeye.

Wasomaji, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mama zetu wanaibeba kichwani tangu wakiwa wasichana, asubuhi na jioni. Wanatwanga, wanabeba mpunga kutoka shamba na mtoto mgongoni. Hakuna aliyewahi kuwaita madume. Ila uzito uleule nikiushika kwa ajili ya afya yangu, imekuwa nongwa!

Nikamuuliza hilo swali. Hakuwa na jibu, akaondoka, na wazee wake hawakurudi tena. Iliniuma, siwadanganyi. Nilikuwa nampenda. Lakini mtu anayeona ndoo 4 kwa siku ni wajibu wangu, na chuma kimoja ni aibu yake, tungekuja kugombana tukiwa na watoto.

Sasa ni miezi 7. Nashona mpaka jioni na kiuno sikishiki. Wasichana 2 wa jirani wameanza kuja uani, na mmoja keshaanza kutafuta makopo ya rangi.

Wewe wa Sinza au Manzese mwenye chumba kimoja, vidumu viwili na kamba vinaingia chini ya kitanda. Tatizo si nafasi wala hela, ni midomo ya watu. Anza na vidumu vyenye maji Jumatatu hii.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.